KUINASA KASI: UDHAHIRI WA PICHA ZA MICHEZO MIKONONI MWA MPIGA PICHA WA RIDHAA

Utangulizi

Wahenga hawakukosea waliponena kwamba ukiona vyaelea, vimeundwa. Msomaji anayefungua gazeti Jumatatu asubuhi na kumwona mshambuliaji akiwa hewani, mpira umegusa paji la uso wake na matone ya jasho yanahesabika moja moja, aghalabu hudhani kwamba picha ile ni zao la kamera ghali na bahati njema. Makala haya yanakusudia kuonyesha kwamba dhana hiyo ina ukweli mdogo tu. Picha ya namna hiyo huundwa kabla ya kidole kubonyeza kitufe, na sehemu kubwa ya uundaji wake imo katika uwezo wa mwanafunzi mwenye kamera ya kawaida, au hata simu.

Mwandishi amesukumwa kulishughulikia suala hili na jambo lililomfika mwenyewe. Katika mashindano fulani ya vyuo vikuu, alikabidhiwa jukumu la kupiga picha za ubao wa matangazo wa chama. Siku hiyo, katika mbio za kupokezana vijiti za mita 400 kwa wanariadha wanne, msichana wa chuo chetu alipokea kijiti akiwa wa nne, akawapita wote watatu na kukata utepe wa kwanza. Mwandishi alikuwa amesimama mahali pazuri na alibonyeza kitufe mara nyingi. Jioni, mshindi alikuja kuomba picha moja tu ya kumpelekea mamake, ambaye hakuwahi kumwona akikimbia. Uso wake ulikuwa ukungu mtupu. Ukuta uliokuwa nyuma yake ulionekana tofali kwa tofali. Alitazama, akacheka kidogo, akasema, “Ukuta umetoka vizuri.” Mbio zile hazikurudiwa, na hapo ndipo ulipo uzito wa suala hili. Mpiga picha za maua akikosea atalirudia ua lile lile kesho. Mpiga picha za michezo hana kesho.

Kabla ya kuendelea, ni vyema kufafanua istilahi chache. Katika makala haya, kilango ni kile kipande ndani ya kamera kinachofunguka na kufunga ili kupitisha mwanga kwa muda maalumu. Tundu ni uwazi wa lenzi unaoweza kupanuliwa au kufinywa. ISO ni kipimo cha wepesi wa kamera kuuhisi mwanga. Chenga ni zile punje punje zinazoonekana pichani pale ISO inapopandishwa sana, sawa na chenga za runinga isiyonasa mawimbi vizuri. Udhahiri nao ni ile hali ya kitu kuonekana pichani kwa kingo zilizokatika wazi. Neno ‘ukali’ lingefaa pia, ila vijana wa leo wakisema picha ni kali huwa wanamaanisha tu kwamba inapendeza.

Maradhi matatu ya picha

Tabibu hatoi dawa kabla ya kuutambua ugonjwa. Picha iliyokosa udhahiri huwa imepatwa na mojawapo ya maradhi matatu, na kila moja lina dalili zake.

La kwanza ni mwendo wa mchezaji. Dalili yake ni kwamba vitu vilivyotulia, kama vile milingoti ya goli na watazamaji, huonekana wazi ilhali mchezaji amefifia, hususan mikono na miguu yake. La pili ni mtikisiko wa mkono wa mpiga picha. Hapa kila kitu pichani, kinachokwenda na kisichokwenda, huwa kimeburutwa kuelekea upande mmoja. La tatu ni fokasi iliyopotea. Dalili yake ni kuwapo kwa mahali palipo dhahiri kabisa, ila si pale palipotakiwa: labda nyasi za mbele, labda mwamuzi aliyepita, labda ukuta.

Ni muhimu kuyatenga maradhi haya kwa sababu dawa ya moja haiponyi jingine. Wapo wanaonunua lenzi yenye kifaa cha kutuliza mtikisiko wakitarajia kumsimamisha mkimbiaji. Kifaa hicho huutuliza mkono wa mpiga picha tu. Mkimbiaji hana habari nacho. Picha za mwandishi zilizotajwa hapo juu zilikuwa na ugonjwa wa kwanza na wa tatu kwa pamoja, naye kwa muda mrefu aliulaumu wa pili.

Hesabu ya muda

Mnamo tarehe 18 Septemba 2021, katika uwanja wa Kasarani jijini Nairobi, Ferdinand Omanyala alikimbia mita 100 kwa sekunde 9.77 na kuweka rekodi ya Afrika. Huo ni mwendo wa wastani wa zaidi ya mita 10 kwa kila sekunde. Natuchukulie kwamba mpiga picha amesimama kando ya njia, na mkimbiaji wa kasi hiyo anapita mbele yake. Kilango kikikaa wazi kwa 1/60 ya sekunde, mkimbiaji atakuwa amesogea sentimita 17 kabla hakijafunga. Uso wake utachorwa juu ya sentimita hizo zote. Kwa 1/250 ya sekunde atasogea sentimita 4, ambazo bado zinatosha kuyafuta macho yake. Kwa 1/1000 ya sekunde atasogea sentimita moja tu, na mtazamaji wa kawaida hataona kasoro.

Hata hivyo, mwili wa mkimbiaji hauendi kwa kasi moja. Mguu uliokanyaga chini umetulia kabisa kwa kitambo kile, ilhali ule unaorushwa mbele huenda kwa kasi inayokaribia maradufu ya kasi ya kiwiliwili. Ndiyo maana katika picha nyingi kiatu kimoja huwa wazi na kingine kimeyeyuka. Mikono, rungu la magongo na mpira navyo humpita mchezaji mwenyewe kwa kasi. Kwa hivyo, kwa kandanda, raga, magongo na riadha, 1/1000 ya sekunde ni mahali pazuri pa kuanzia.

Mwelekeo nao una athari yake. Mchezaji anayekuja moja kwa moja kwa mpiga picha hasogei sana pichani. Anaongezeka ukubwa tu. Huyo anaweza kunaswa kwa 1/500. Anayekatiza kutoka kushoto kwenda kulia ndiye anayehitaji kilango chepesi zaidi. Kwa sababu hiyo, asiye na kamera ya kasi anaweza kuipata kasi hiyo kwa miguu yake mwenyewe: aondoke kando ya uwanja, aende akasimame karibu na mwisho wa mbio au nyuma ya goli, mahali ambapo wachezaji humjia uso kwa uso. Huko atapata pia nyuso badala ya migongo.

Kuhusu mtikisiko wa mkono, ipo kanuni ya zamani isiyosahaulika: muda wa kilango usizidi moja kugawanywa kwa urefu wa lenzi. Mwenye lenzi ya milimita 200 asishuke chini ya 1/200 ya sekunde. Anayepiga kwa 1/1000 amekwisha kujikinga na ugonjwa huu bila hata kuufikiria.

Mwanga ndio bei ya muda

Mbona basi kila mtu asipige kwa 1/1000 daima? Jibu ni kwamba muda mfupi hupitisha mwanga mchache. Kamera ni kama mtungi chini ya bomba. Ukipunguza muda wa kuukinga mtungi, sharti uifungue koki zaidi, la sivyo uridhike na maji kidogo. Koki ni tundu la lenzi. Tundu la f/2.8 hupitisha mwanga mara nne ya tundu la f/5.6, na hiyo ndiyo sababu lenzi ndefu zenye f/2.8 ni nzito na bei yake haishikiki kwa mwanafunzi.

Hapa ndipo wengi hukata tamaa, na hapa ndipo hawapaswi kukata tamaa. Wapiga picha wa enzi za filamu walikuwa na kanuni kwamba penye jua kali, tundu likiwa f/16, muda wa kilango uwe moja kugawanywa kwa ISO. Kwa ISO 400, huo ni takriban 1/400 ya sekunde. Ukilipanua tundu kutoka f/16 hadi f/5.6, mwanga unaongezeka mara nane, nao muda unaweza kufupishwa hadi 1/3200 ya sekunde. Tundu la f/5.6 ndilo linalopatikana katika lenzi nyingi za bei nafuu zinaporefushwa hadi mwisho. Kwa maneno mengine, kwenye uwanja wa Kisumu au Machakos saa kumi alasiri, penye jua, lenzi ya mnyonge humudu mara tatu ya kasi inayohitajika. Hata mawingu mazito yakitanda na mwanga ukapungua mara nane, kupandisha ISO hadi 1600 kutairejesha kamera kwenye 1/1600.

Palipo na dhiki ya kweli ni ndani ya ukumbi. Kwenye ukumbi wa kawaida wa mpira wa kikapu au wa wavu, mwanga waweza kuwa haba kiasi kwamba ISO 3200 na tundu la f/5.6 vinaleta 1/125 tu. Hapo mpiga picha ana njia mbili. Ya kwanza ni kutumia lenzi fupi isiyovutika ya milimita 50 yenye tundu la f/1.8, ambayo ni miongoni mwa lenzi za bei ya chini kabisa, kisha asogee karibu na uwanja. Ya pili ni kupandisha ISO hadi 6400 na zaidi bila kuogopa chenga. Chenga huvumilika. Programu za kompyuta za siku hizi huzipunguza kwa ustadi mkubwa, na gazetini hata hazionekani. Lakini uso ulioburutwa, programu haiurudishi ulivyokuwa, hubuni mwingine. Kati ya picha yenye chenga na picha yenye ukungu, mwenye busara huchagua chenga.

Katika utekelezaji, njia rahisi ni kuiweka kamera kwenye hali ya kuchagua muda wa kilango, inayoandikwa S katika kamera za Nikon na Sony na Tv katika kamera za Canon, kisha kuiachia kamera ijipangie ISO. Jambo moja tu lihadhariwe. Kamera hupima mwanga kwa wastani. Mchezaji mwenye ngozi nyeusi akiruka mbele ya anga jeupe, kamera hudhani mwanga umezidi, ikaupunguza, na uso ukatoka kama kivuli. Udhahiri wa kivuli haumfai mtu. Dawa ni kuiamuru kamera iongeze mwanga kwa hatua moja, na ikiwezekana kusimama jua likiwa mgongoni. Jua la adhuhuri lililo utosini huyazamisha macho katika giza la paji la uso; anayeweza kungoja alasiri na angoje.

Fokasi inayofuata

Kwa kawaida kamera hutafuta fokasi mara moja, ikaifunga na kusubiri. Kwa picha ya mahafali hilo linatosha. Kwa mkimbiaji anayekuja, fokasi iliyofungwa huwa imepitwa na wakati kabla ya kilango kufunguka. Kamera nyingi zina hali ya fokasi endelevu, iitwayo AI Servo katika baadhi ya kamera na AF-C katika nyingine. Katika hali hiyo, kitufe kikibonyezwa nusu, kamera humfuata mchezaji na kuirekebisha fokasi bila kukoma. Mpiga picha achague nukta moja ya fokasi, ile ya katikati, aiweke kifuani mwa mchezaji, na aanze kumfuata sekunde moja au mbili kabla ya kupiga. Kamera mpya hutambua macho ya mtu zenyewe, lakini penye nyuso nane kwenye utepe, kamera haijui nani ni ndugu yako.

Tundu pana lina gharama hapa pia. Kwenye kamera ya kiwambo kikubwa, lenzi ya milimita 200 ikifunguliwa hadi f/2.8 kwa mtu aliye mita 10, eneo lililo dhahiri mbele na nyuma yake halifiki hata nusu mita. Mwenye lenzi ya f/5.6 ana nafasi ya kukosea mara mbili ya hiyo. Si kila unyonge ni hasara.

Isipowezekana kumfuata mchezaji, kuna mbinu kongwe ya kumtangulia. Mbio za kuruka viunzi na maji za mita 3000 ni mfano bora. Kiunzi cha maji hakisogei. Mpiga picha huweka fokasi juu yake, akaifunga, kisha akangoja. Tena mbio hizo zina miruko 7 ya maji: miwili ya kwanza ya kujifunza nani anakanyaga kiunzi na nani anatua wapi, na mitano iliyobaki ya kupiga. Kusoma huko si anasa. Katika Michezo ya Olimpiki ya Mexico mwaka wa 1968, Amos Biwott wa Kenya, aliyetwaa dhahabu, aliyaruka maji yote na kutua pakavu wakati wenzake walikuwa wakitumbukia. Aliyekuwa ameelekeza kamera pale wengine walipokuwa wakitua angeambulia maji matupu.

Mwenye simu naye asijione mkiwa. Kwa kuwa kiwambo cha simu ni kidogo, eneo lake lililo dhahiri ni kubwa, na fokasi si tatizo lake kuu. Tatizo lake ni umbali na giza. Basi asogee karibu badala ya kuvuta picha kwa vidole, apige mchana penye jua, ashikilie kidole kwenye kioo mahali tukio litakapofika ili fokasi ijifunge, na apige mfululizo.

Kuujua mchezo

Hadi hapa tumezungumzia chombo. Linalobaki ndilo kubwa. Mtu akiona jambo, kidole chake huchukua takriban sehemu moja ya tano ya sekunde kuitikia. Katika kitambo hicho, mpira unaokwenda mita 20 kwa sekunde huwa umesafiri mita 4. Maana yake ni kwamba anayebonyeza anapoona bao, amelikosa bao. Kupiga mfululizo husaidia, lakini hakumwokoi aliyeanza kwa kuchelewa.

Mwaka wa 1878, huko Palo Alto, California, Mwingereza Eadweard Muybridge alipanga kamera 12 kando ya njia ya farasi na kutandaza nyuzi zilizofyatua vilango farasi alipozikata. Picha zake zilithibitisha kwamba farasi anayekimbia huwa na kwato zote nne hewani kwa kitambo, na tena wakati miguu imekunjwa chini ya tumbo, si imenyooshwa mbele na nyuma kama wachoraji walivyokuwa wakiichora. Muybridge hakuishinda kasi kwa kuikimbiza. Alijua farasi angepita wapi, akatangulia kufika.

Mpiga picha wa ridhaa ana nyuzi zake, nazo ni ujuzi wa mchezo. Anayeujua mpira wa wavu hutazama mikono ya mpangaji, si mpira, na hujua mpigaji atapanda upande gani. Anayewajua wachezaji wa chuo chake anajua nani hutumia mguu wa kushoto, nani hugeuka kabla ya kupiga, na nani hukimbilia kona gani kushangilia. Ni sawa na msikilizaji wa shairi la arudhi: akishayazoea mizani na vina, hulitarajia neno la kituo kabla halijatamkwa.

Ujuzi huo una faida ya ziada, kwani michezo ina vituo vyake. Mtu anayeruka hupanda akipunguza kasi, akatulia kileleni, kisha akashuka. Kwa kanuni za mvuto wa dunia, nusu nzima ya muda anaokuwa hewani hutumika katika robo ya juu ya mruko wake. Katika mruko wa sentimita 80, hiyo ni takriban sehemu nne za kumi za sekunde ambazo mwili karibu haupandi wala haushuki. Anayekilenga kilele hicho anaweza kupata picha dhahiri kwa 1/250 ya sekunde, hata ndani ya ule ukumbi wenye mwanga haba. Kile ambacho fedha haikununua, utambuzi umekilipia.

Ukungu wenye maana

Si haki kufunga mjadala bila kukiri kwamba ukungu wenyewe si adui daima. Picha ya baiskeli iliyonaswa kwa 1/2000 yaweza kuonekana kama baiskeli iliyoegeshwa. Mbinu ya kumsindikiza mchezaji huliondoa tatizo hili: kilango huwekwa 1/60 au 1/30, na kamera humfuata mpanda baiskeli kwa kasi yake, ikiendelea kugeuka hata baada ya kitufe kubonyezwa. Matokeo yake, mchezaji hubaki wazi ilhali mandhari huwa mistari ya kasi. Picha nyingi zitaharibika, moja itafaulu. Tofauti kati ya ukungu huu na ule wa mwandishi ni kwamba huu umekusudiwa. Hata hapa, sharti kuwe na kitu kimoja kilicho dhahiri, na kwa binadamu kitu hicho ni uso.

Hitimisho

Makala haya yamejaribu kuonyesha kwamba udhahiri wa picha za michezo una nguzo tatu: muda mfupi, fokasi inayofuata au kutangulia, na ujuzi wa mchezo. Mbili za kwanza hujifunzwa kwa alasiri moja na vibonyezo vichache. Ya tatu haiuzwi dukani, na ndiyo ambayo sisi tunaoishi na wachezaji hawa, tunaokula nao na kuwaona wakifanya mazoezi alfajiri, tunayo kuliko mpiga picha wa gazeti anayefika siku ya fainali. Vyama vya wanafunzi vinavyochapisha majarida na kubandika picha ubaoni visingoje kamera mpya ili kuyahifadhi mashindano yao.

Mwaka uliofuata, mwandishi alisimama tena penye utepe, safari hii mbele ya wakimbiaji, akiwa na kamera ile ile na kilango cha 1/1000. Mshindi alitoka wazi, kope kwa kope. Hakuwa yule msichana wa mwaka uliotangulia; yeye alikuwa amekwisha kuhitimu na kuondoka chuoni, na mamake hajamwona akikimbia hadi leo.